Nyumba ya Mawe Njia ya Kizimbani: Shajara ya Kuhamia na Kutengeneza

Jumamosi, 18 Novemba 2023

Leo tunalala kwetu. Vitu vyote vimo ukumbini, furushi juu ya furushi, kwa kuwa ukumbi ndio chumba pekee ambacho paa lake halivuji. Vuli ya mwaka huu ni nzito. Imenyesha tangu alasiri na hata sasa ninapoandika bado inapiga mabati.

Niieleze nyumba kama ilivyo leo, kabla hatujagusa kitu. Iko shamba hapa Unguja, baina ya Dole na Kizimbani, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka barabara ya lami. Vyumba vitatu vyembamba virefu, ukumbi mmoja, mbele baraza la kukalia, nyuma ua wenye kisima na jiko la nje. Kuta ni za mawe. Nimepima unene wake dirishani nikapata sentimita 52. Mlango wa mbele ni wa mfenesi, mbao mbili na mfaa katikati. Hauna nakshi za majumba ya mjini, ila mstari mmoja wa maua kwenye kizingiti cha juu, umechongwa na mkono uliojua unachokifanya. Mlango huu ndio ulionifanya niseme "hii" siku tuliyokuja kuitazama, wakati mume wangu bado anahesabu mabati yenye kutu. Warithi waliotuuzia hawajui nyumba ilijengwa mwaka gani. Wanajua tu kwamba bibi yao alizaliwa humo, naye amefariki akiwa amepita miaka themanini.

Mimi nimekulia mjini, kwenye majumba ya Michenzani, ghorofa ya nne. Sikuwahi kukaa mahali ambapo ukifungua mlango unakanyaga udongo. Usiku huu komba wamelia juu ya mshelisheli, na binti yetu mdogo amekuja mbio kitandani kwetu akisema kuna mtoto mchanga kaachwa nje.

Kabla ya kulala nimezunguka na tochi na penseli. Kila ukuta una unyevu unaopanda kutoka chini. Pale unapoishia nimechora mstari na kuandika tarehe. Ukuta wa mashariki: sentimita 112 kutoka sakafuni. Ukuta wa kusini: 87. Ukuta wa kati: 40. Nitapima kila mwezi, maana hilo ndilo jambo la kwanza la nyumba hii. Rangi, madirisha na jiko vitasubiri.

Jumamosi, 25 Novemba

Tumekaa na karatasi ya mauziano na kuisoma tena, mara hii uani, mti mmoja mmoja. Huku kwetu ardhi, nyumba na miti ni vitu vitatu tofauti. Mtu aweza kuwa na nyumba na asiwe na mnazi ulioko mlangoni mwake. Karatasi yetu iliyosainiwa mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa hapa, inasema katika minazi tisa iliyozunguka nyumba, yetu ni mitano. Mshelisheli ni wetu. Mfenesi ulioko chini ya mteremko ni wetu. Mdoriani mkubwa ulio nyuma ya kisima ni wa watu wengine, na wana haki ya kupita uani kwetu kuokota doriani zao.

Mume wangu alikuwa na mpango wa kujenga ukuta kuzunguka eneo lote. Leo ameuacha mwenyewe, bila mabishano. Huwezi kumzungushia mtu ukuta kwenye mti wake.

Jirani wa upande wa kaskazini amekuja kutukaribisha, bibi wa makamo ya mama yangu na zaidi, na sahani ya mkate wa kumimina mkononi. Nimemwamkia shikamoo, ameitikia marahaba, kisha amezunguka vyumba vyote akigusa kuta kama mtu anayemgusa mgonjwa paji la uso. Amesema alipokuwa mdogo walikuwa wakicheza hapa, na maji ya nyumba hii "yakitokea kule mfenesini". Nimemwuliza maji gani, akasema, "Maji ya mvua, mwanangu." Halafu akaanza kuniuliza habari za watoto, na mimi nikayaacha hapo.

Jumapili, 3 Desemba

Mwashi amekuja. Ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba za Mji Mkongwe, na sasa haendi kazini kila siku ila akipenda kazi yenyewe. Tumempata kupitia fundi wetu wa kawaida, kijana anayejua matofali na saruji vizuri sana na ambaye amesema wazi kwamba nyumba ya mawe ya zamani si fani yake. Nimemheshimu zaidi kwa kusema hivyo.

Mzee hakuuliza tunataka nini. Alitoa nyundo ndogo akaanza kugonga ukuta wa mashariki, sentimita kwa sentimita, sikio karibu. Mahali pengi palilia kama debe tupu. Akapiga kwa nguvu mara moja, na kipande cha lipu ya saruji ukubwa wa sinia kikadondoka kizima kizima. Nyuma yake mawe yalikuwa meusi kwa maji, na udongo wa baina ya mawe ukitoka kwa kidole kama uji mzito.

"Nani aliyeivisha hii koti la mvua?" aliuliza.

Aliyetutangulia, miaka kumi au kumi na tano nyuma, alipiga lipu ya saruji ndani na nje ili nyumba ipendeze. Alikuwa na nia njema. Lakini ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini kila siku, kisha huutoa kwa hewa kupitia uso wake wote. Saruji huufungia ndani. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi kutafuta njia, na chumvi iliyomo kwenye mawe ya matumbawe hupanda nayo. Ndio ule unga mweupe niliokuwa nikiufuta kila asubuhi nikidhani ni rangi kuukuu.

Kisha aliingia ukumbini akatazama juu. Boriti ishirini na tatu. Aligonga kila moja karibu na ukuta, si katikati, kwa kuwa boriti huoza pale kichwa chake kinapolala ndani ya ukuta wenye maji. Sita zimekufa vichwa, zote upande wa mashariki. Kwa hiyo ukuta na dari ni ugonjwa mmoja.

Nilimwuliza kwa nini vyumba ni vyembamba hivi, mita 2.7 kwa urefu wa mita sita. Nilikuwa nimefikiria kubomoa ukuta mmoja nipate sebule pana. Akanionesha boriti: mti wa mkoko ukiwa na unene wa kubeba dari ya mawe na chokaa hauendi mbali zaidi ya hapo. Mti ndio umepima chumba. Nyumba za mawe za zamani za pwani, ziwe za Lamu au za hapa, vyumba vyake vina upana wa mti. Mpango wa sebule pana umekwisha leo.

Tulichokubaliana: saruji yote itolewe, ndani na nje. Ukuta uachwe uchi ukauke kipindi chote cha kaskazi. Chokaa izimwe sasa ili iwe tayari kabla ya masika. Boriti sita zibadilishwe kwa mivinje, kwa sababu ukataji wa mikoko unahitaji kibali na mimi mwenyewe sitaki mkoko ukatwe kwa ajili yangu wakati mvinje hupandwa.

Jumamosi, 16 Desemba

Siku ya chokaa. Tumechimba shimo uani, mita moja na nusu kwa mita moja, kina cha kiuno. Chokaa imekuja bado mawe, kama ilivyotoka kwenye tanuri: mawe ya matumbawe ya nchi kavu yaliyopangwa juu ya magogo ya minazi na kuchomwa. Ukiliinua jiwe unashangaa wepesi wake, maana moto umekwisha kutoa kilichokuwa ndani.

Watoto niliwapeleka kwa bibi jirani kabla hatujaanza, na hili nalisisitiza kwa yeyote atakayejaribu. Maji yakimwagwa juu ya chokaa mbichi, shimo zima huchemka. Linanguruma, linatupa mvuke, na tone moja likiingia jichoni laweza kulipofua. Mzee alivaa miwani ya kuchomea vyuma na alitulazimisha sote tuvae miwani na viatu vilivyofunga.

Baada ya saa mbili lilinyamaza. Kilichobaki ni kitu cheupe kizito kama maziwa mgando. Tumekifunika kwa maji, vidole vinne juu, na makuti juu ya maji. Kitakaa humo wiki kumi kwa uchache. Mzee anasema wazee wake walikuwa wakiizima chokaa mtoto akizaliwa na kuitumia akianza kutambaa.

Unyevu: mashariki 113, kusini 87. Saruji bado ipo.

Jumapili, 7 Januari 2024

Wiki tatu za patasi na nyundo. Vumbi limeingia hata kwenye mchele. Saruji ya nje imetoka yote, ya ndani imebaki chumba kimoja. Sehemu nyingine ilitoka yenyewe kwa mkono, sehemu nyingine imeng'ang'ania na kutoka na jiwe. Kila jiwe lililotoka tumelirudisha mahali pake kwa udongo mwekundu na chokaa kidogo, na vijiwe vidogo vya kukazia.

Chini ya saruji ya ukumbini tumekuta vidaka, vishubaka vya ukutani. Vinne, safu moja, vilikuwa vimejazwa vipande vya matofali na kupigwa lipu juu yake. Kimoja ndani yake kimebaki na chokaa ya asili, laini kama ngozi ya yai, na mahali pa moshi pale taa ilipokuwa ikiwekwa. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Kuna mtu aliyekuwa akiwasha taa hapa kila magharibi.

Mistari yangu ya penseli imeondoka na lipu. Vipimo nimevihamishia kwenye miimo ya madirisha.

Na usiku sasa kuna watu uani. Msimu wa doriani umefika, na doriani haichumwi, husubiriwa idondoke. Usiku wa kwanza mume wangu alitoka na rungu. Alikuta vijana wawili na tochi wamekaa kimya kwenye ukingo wa kisima wakisikiliza. Walimwamkia kwa adabu. Asubuhi tulikuta doriani moja imewekwa barazani.

Jumapili, 28 Januari

Mashariki 96. Kusini 60. Ukuta wa kati hauna unyevu tena.

Hatujafanya lolote zaidi ya kuvua saruji na kufungua madirisha, na upepo wa kaskazi unafanya kazi bila kulipwa. Mawe ya ukuta wa kusini yamegeuka rangi, kutoka weusi hadi kijivu, na jana yalianza kuonesha ule weupe wa matumbawe. Ukiyatazama kwa karibu unaona mistari ya viumbe vilivyoyajenga baharini.

Boriti zimebadilishwa. Tuliegemeza dari kwa nguzo kumi na mbili, tukatoa moja, tukaingiza moja, siku mbili kwa kila boriti. Vichwa vya mivinje vimepakwa oili chafu na kuachiwa nafasi ya kidole kuzunguka ndani ya ukuta ili hewa ipite. Harufu ya oili ilidumu wiki nzima ikaisha.

Jumatano, 14 Februari

Leo nimekwenda Kidichi na watoto, kwenye hamamu, nyumba ya kuogea ya zamani. Ni karibu nasi, na nimepita pale mara nyingi maishani bila kuingia kwa makini. Hamamu ile Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrazad, aliyetoka Uajemi, na kuta za ndani zimepambwa kwa chokaa iliyofinyangwa, maua na ndege. Nilikwenda kutazama jambo moja tu: lipu ya chokaa inakuwaje ikikaa miaka 170 mahali penye mvuke na maji. Ina ukungu, imechakaa na imepauka. Lakini imeshika. Binti yangu mkubwa aliweka kiganja ukutani akasema ni baridi kama mtungi.

Nimerudi na moyo mpana kwa kazi ya mwezi ujao.

Jumamosi, 9 Machi

Mkono wa kwanza wa lipu umekwisha kwenye kuta tatu. Kipimo: ndoo moja ya chokaa ya shimoni, ndoo tatu za mchanga, na nusu ndoo ya udongo mwekundu uliochekechwa. Mzee anasema udongo wetu mwekundu ukikutana na chokaa hushika hata penye unyevu, ndiyo maana kuta za Mji Mkongwe nazo zimejengwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo huo.

Tumekosea mahali pamoja na kosa ni langu. Lipu ya chokaa haikauki kama saruji. Inajifanya jiwe tena kwa kunywa hewa, polepole, na muda wote huo inataka kuwa na majimaji. Nilikuwa nimeagizwa niurushie ukuta wa kusini maji asubuhi na jioni na kuutundikia magunia yaliyoloweshwa. Siku mbili nilikuwa mjini kwa mambo ya shule za watoto na sikumwachia mtu kazi hiyo. Jua la Februari na upepo viliufyonza maji, na niliporudi ukuta ulikuwa na nyufa kama mkono wa mzee. Mita za mraba sita zimekwanguliwa na kupigwa upya. Mzee hakusema neno. Alichukua kikwanguzi akaanza, nami nikachukua cha pili.

Mashariki 70. Kusini 41.

Ramadhani

Kazi ni kuanzia alfajiri hadi saa nne tu. Mkono wa pili umeanza kwa mwendo huo.

Sahani zimekuwa zikivuka njia baina ya nyumba yetu na za majirani kila jioni kabla ya adhana: mashelisheli ya nazi, muhogo, uji wa pilipili manga, mbaazi. Sahani hairudi tupu. Nilikuwa najua adabu hii tangu Michenzani, lakini kule tulikuwa na milango minne kwenye ngazi moja. Hapa watoto wanatembea na kawa kwenye giza la magharibi kupita chini ya mikarafuu, na wanajua kila nyumba kwa harufu ya jiko lake.

Jumapili, 21 Aprili

Masika imekuja kwa nguvu zote na nimevunjika moyo. Mashariki: 88.

Ulikuwa 70. Lipu mpya haikuharibika, lakini imekuwa nyeusi tena kutoka chini, na chumba cha watoto kina harufu ile ile ya Novemba. Kusini 44, umeongezeka kidogo tu, kama inavyotegemewa kwa mvua hizi. Kwa nini mashariki peke yake?

Mlizamu wa bati upande ule ni mpya na hauvuji. Nimesimama na mwavuli nusu saa kuutazama. Maji yanatoka kwenye mlizamu, yanaangukia sakafu ya saruji iliyozunguka nyumba kwa nje, na badala ya kwenda mbali yanarudi. Yanarudi kwenye ukuta. Nimechukua kipande cha bomba la plastiki lenye maji nikapima: uso wa sakafu ile ya nje uko sentimita 35 juu ya sakafu ya ndani, na unainama kuelekea nyumbani. Aliyepiga lipu ya saruji alipandisha na uwanja, na nyumba ikazama mpaka magotini.

Nilipokuwa hapo nje nimelowa, bibi jirani alipita na mwavuli wake akitoka kununua mafuta ya taa. Akatazama nilipokuwa natazama. "Nilikwambia," alisema kwa upole, "maji yakitokea mfenesini."

Kumbe alikuwa amenionesha dawa wiki ya kwanza.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumevunja saruji ya nje upande wa mashariki, upana wa mita moja na nusu, urefu wote wa ukuta. Chini yake kifusi. Chini ya kifusi, kina cha sentimita 48, jembe liligonga kitu kilicholia tofauti. Tukaacha jembe tukachukua mikono.

Ni mtaro. Mawe bapa yamelazwa, mengine yamesimamishwa kando zote mbili, na juu yake mawe ya kufunikia, mengi bado yapo. Unaanzia kona ya ukuta, unafuata msingi kwa mteremko mdogo sana ambao jicho haliuoni ila maji yanaujua, kisha unakata kuelekea chini kwenye mfenesi. Umejaa udongo na mizizi. Mzee alipiga magoti akaingiza mkono mpaka bega. Alipoutoa alikuwa akitabasamu kama kijana.

Tangu kuhamia sijafurahi kama leo. Aliyeijenga nyumba hii alikuwa amekwisha jibu swali letu, kwa mawe na kwa uangalifu, na jibu lake lilikuwa limezikwa tu.

Jumapili, 5 Mei

Kimbunga Hidaya kimepita. Tangu Ijumaa redio zilikuwa zikitoa tahadhari, na boti za Dar zilisimamishwa. Jana upepo ulikuwa wa kutisha kwa saa nyingi. Mtaro ulikuwa umesafishwa nusu tu, ukuta wa mashariki uko wazi hadi msingini, na mimi nilikuwa nikiomba Mungu usiku kucha udongo usije ukalainika chini yake. Tulifunga mabati kwa kamba na mawe, watoto tukawalaza ukumbini, katikati ya nyumba, mbali na miti.

Alhamdulillahi. Bati mbili zimeinuka. Tawi la mshelisheli limeanguka kwenye jiko la nje na kuvunja kona. Nyumba yenyewe haikutikisika. Ndani ya kuta za nusu mita upepo ulikuwa kama kitu kinachosimuliwa na mtu mwingine.

Asubuhi wazee wawili walikuja kukaa barazani kwetu, kama wanavyofanya kila Ijumaa baada ya sala, ingawa leo si Ijumaa. Walikuwa wamezunguka kukagua mikarafuu. Mazungumzo yalifika kwenye dhoruba ya 1872, ile iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote. Hakuna aliye hai aliyeiona, lakini wanaizungumza kama waliyohadithiwa jana. Wakati wa kuhamia nilitaka kuliwekea baraza lile wavu na mlango, liwe veranda ya kusomea. Sasa naona lina wenyewe.

Jumapili, 2 Juni

Mtaro umekwisha. Mita kumi na nane, jiwe kwa jiwe. Yaliyovunjika ni mawe ya kufunikia tisa, tumepata mengine kwenye kifusi chetu wenyewe. Uwanja wa mashariki umeshushwa hadi chini ya usawa wa sakafu ya ndani na kumwagwa kokoto. Mashariki 79. Kusi imeanza kuvuma.

Mchwa wamejaribu kupanda kwenye mwimo wa mlango wa nyuma. Nimeondoa rundo la mbao lililokuwa limeegemezwa pale, nimevunja njia zao za udongo, na natazama kila asubuhi.

Jumamosi, 13 Julai

Mashariki 52.

Jumamosi, 24 Agosti

Mashariki 33, kusini 22. Mzee anasema tusitegemee sifuri. Ukuta wa mawe uliosimama ardhini utakunywa kidogo siku zote, na ukiweza kukitoa ulichokunywa si mgonjwa.

Wiki hii tumepaka chokaa. Ile ile ya shimoni, iliyozimuliwa kwa maji mpaka iwe nyembamba kama maziwa ya kopo yaliyotiwa maji mengi, mikono mitano, kila mmoja ukisubiri siku. Ukiipaka haionekani, unadhani unapaka maji matupu. Inapokauka ndipo inapoibuka, na kila mkono ni mweupe kuliko uliotangulia. Watoto walipewa ukuta wa kati peke yao. Kidaka chenye alama ya moshi hatukukipaka. Nimeweka taa ndogo ndani yake na huwa naiwasha magharibi.

Bado: jiko la nje, ambalo kona yake imefungwa kwa turubai tangu Mei. Bati za upande wa kaskazini. Ukingo wa kisima. Ukuta wa nje wa magharibi, ambao una mkono mmoja tu wa lipu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua ya kwanza kubwa ya vuli imeanza saa nane mchana. Niliacha sufuria jikoni nikatoka na kanga kichwani, nikafuata mtaro juu ya mawe yake hadi chini ya mteremko. Bibi jirani alikuwa amekwisha fika, amesimama chini ya mfenesi na mwavuli, na binti zangu wote wawili wamechuchumaa mbele yake.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha majani makavu mdomoni mwa mtaro yakasogea, yakatoka maji mekundu yenye udongo, halafu ya kahawia, halafu safi. Mdogo akaweka ndoo.

Jioni nimepima mashariki: 31. Mzee anakuja Jumatatu kwa kona ya jiko, na chokaa iliyobaki shimoni inatosha.